Kitambaa Cheupe kwa Muuza Tairi

Mnisamehe mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Nilisoma shule ya msingi tu, na naandika polepole.

Mwaka jana nilinunua tairi la nyuma la pikipiki yangu sokoni hapa kwetu Ngungu. Lilikuwa jeusi, linang'aa. Muuzaji akanigusa bega: "Kaka, hii iko mupya. Mawe njo itaiogopa." Yaani mawe ndiyo yataliogopa. Nina haya, sikuuliza kitu. Kwenye mteremko wa mawe lilipasuka, na dada yangu niliyembeba akavunjika mkono. Mpaka leo hawezi kushika jembe. Nilipolifuta lile tairi, kitambaa kilijaa rangi ya viatu. Chini yake mpira ulikuwa mzee, una nyufa.

Nilimrudishia muuzaji. Akacheka mbele ya watu: "Tairi haina kosa. Wewe njo haujue kuendesha, mutoto."

Sasa najua kuchagua. Tairi la njia ya mawe liwe na meno marefu na ubavu mgumu usiobonyea kwa dole gumba. Kwanza kabisa, lifutwe. Kila siku ya soko nasimama kwenye meza ya yule muuzaji. Mteja akishika tairi, nalifuta kwa kitambaa cheupe na kumwonyesha. Anaondoka.

Juzi muuzaji aliniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, inatosha. Niko na batoto." Nilikunja kitambaa kichafu, nikatoa kingine safi.

Dada anasema nimwache. Mimi bado sijatosheka. Ninyi mnaosoma, niandikieni: mkono ungekuwa wa dada yenu, mngemwacha?