Walivyomfyekea Mama Boazi

Mimi nina mdomo, mtaa mzima unajua, na hili la Mama Boazi silinyamazii. Jina lake Enesi, mtu wa Ihanda, kule kwenye kahawa. Alihamia hapa Tunduma na mumewe Damiano, wa huko huko, mwaka tisini na saba, wakapata kiwanja mteremkoni, juu kidogo ya kwangu. Wengine walikikataa, maana kila masika maji ya barabarani na ya mabati ya huko juu yalishukia hapo hapo.

Wakajenga kwa tofali mbichi, ndicho walichoweza. Tofali mbichi ni udongo tu. Maji yakituama msingini, nyumba inakaa chini. Enesi alilijua hilo. Akachimba makinga maji kukata mteremko, kama wanavyofanya kwenye mibuni kwao: mtaro, tuta, mtaro, tuta, na juu ya kila tuta akapanda mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe. Chini yake shimo pana la migomba.

Tulimcheka, tusidanganyane. Mjini watu wanafagia uwanja unang'aa, yeye analea majani! Balozi wetu wa nyumba kumi, Makene, Msukuma aliyepanda kutoka bonde la Momba, alikuwa anamtania: "Shemeji, ng'ombe huna, hayo majani anakula nani?"

"Yanakunywa maji, shemeji. Niachie."

Na kweli, mvua ikipiga, maji yaliingia pale yamechachamaa, yakatoka polepole. Kwangu hayakufika kabisa.

Damiano akaugua kifua, akafariki mwezi wa Novemba, wingu limeshafunga upande wa Zambia.

Sasa, msiba ukiingia huku kwetu, mfiwa haulizwi kitu. Anakaa mkekani, kazi zote ni za majirani. Na kiwanja cha msiba lazima kifyekwe, watu wapate pa kukaa. Majani marefu uani siku hiyo ni aibu ya mtaa mzima. Makene akakusanya wanaume wenye majembe na mafyekeo, kwa moyo mweupe kabisa, na yeye ndiye aliyetangulia. Wakafyeka mabingobingo, wakang'oa mashina, wakasawazisha matuta ili turubai lisimame vizuri. Shimo la migomba wakalifukia, wakapanga mafiga juu yake.

Mimi nilikuwa ndani na Enesi. Aliposikia majembe akanikamata mkono. "Mama Shani, wanafanya nini? Waambie waache! Nyumba yangu!"

Nikanyanyuka. Wifi yake, Fortunata, akanivuta kanga. "Kaa chini. Huo ni uchungu unaongea. Mfiwa hana kauli."

"Hebu niachie!" nikamwambia, nikatoka.

Makene alinisikiliza jasho likimtiririka. "Mama Shani, ndugu wa Ihanda waje watukute tunamlilia mtu wao porini? Uso wangu nitauweka wapi?" Tuta la mwisho likalazwa nimesimama pale pale. 

Mvua ikaja kabla ya kuanua matanga. Lo! Hata turubai hatukuwahi kulikunja. Maji yakateremka yote kwa pamoja, yakabeba mafiga, yakaujia ukuta wa nyuma na kutuama hapo. Tulimtoa Enesi kwa kumbeba, anapiga kelele arudishwe ndani. Ukuta ukalainika, ukaanguka, paa likafuata. Kisha maji yakashuka hadi kwangu, nikayachota kwa beseni sebuleni. Lakini nyumba yangu ni ya saruji, ilisimama.

Jua lilipotoka wakarudi wale wale wanaume, na majembe yale yale. Enesi akasimama kando ya mabati yake akawashukuru, kwa sababu waliofanya kazi za msiba lazima washukuriwe. Akawashukuru kwa kaburi, kwa kuni, kwa kuchota maji. Akafika kwenye kufyeka, na hilo nalo akalisema.

Makene akapiga magoti kwenye tope. "Shemeji, tuonyeshe yalivyokuwa. Tutachimba upya leo hii."

Jamani, mimi ningemtukana. Enesi akamwinua, akapita kiwanjani naye, akimwonyesha kila mtaro ulipokuwa, na majani yalivyopandwa, na shimo.

"Chimbeni," akamwambia. "Mama Shani yuko hapo chini, mkingieni yeye. Mimi sina tena nyumba."