Gari la Mbio Kwenye Mnada wa Kanisa

Kwanza niseme wazi: gari lile lilikuwa langu. Shangazi aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani ndiye aliyeniletea, likiwa bado vipande vya plastiki ndani ya boksi, na kwenye kifuniko picha ya gari la milango minne la mashindano ya ubingwa, lenye nambari mlangoni na bawa nyuma. Miaka hiyo ya tisini wasichana wenzangu pale Kitengela waliletewa wanasesere. Sikuwaonea wivu hata kidogo.

Tuliliunda mimi na baba, likizo nzima ya Agosti, jioni akitoka kiwanda cha saruji. Yeye alikata vipande kwa wembe, mimi nikavibandika kwa gundi. Vumbi letu la Kitengela lilitutesa. Kila tulipopaka rangi lilitua juu yake, hadi tukazoea kulifunika gari kwa karai mpaka likauke. Rangi nyekundu ilipoisha tulimalizia na rangi ya kucha ya mama, naye akanuna. Stika ndizo zilizonitoa jasho. Unailowesha majini, inateleza kutoka kwenye karatasi, na ukikohoa tu imejikunja. Baba aliniachia zote, akisema vidole vyake vimezoea magunia. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda jioni zile.

Kisha kanisa letu likaitisha harambee ya mabati ya kuezekea. Kila nyumba ilitakiwa kuleta kitu cha kupigwa mnada. Watu walileta kuku, maboga, keki. Asubuhi ya Jumapili hiyo nilimkuta baba akilifunga gari langu kwa kitambaa cha meza.

"Mami, usiogope," aliniambia. "Hii itavuta watu. Halafu mimi mwenyewe nitainunua, irudi nyumbani. Si unajua vile huwa tunafanya?"

Nilijua. Mtu hutoa jogoo wake, anamnunua yeye mwenyewe, watu wanacheka, jogoo anarudi bandani. Basi nikakubali, shingo upande.

Gari lilipoinuliwa, uwanja wote ulivuma. Wazee waliligusagusa bawa, wakauliza kama linakwenda. Bei ikapanda na baba akapanda nayo, hadi wenzake wakachoka. Alipolipokea nilikuwa nimeshasimama, mikono mbele.

Lakini mpiga mnada akampa maikrofoni. Baba aliwaangalia watu, akaiangalia meza ya wageni, pale alipoketi mheshimiwa mmoja kutoka Kajiado mjini.

"Hii gari nimenunua," akasema, "na ninapea mgeni wetu wa heshima, apelekee watoto yake."

Akina mama wakapiga vigelegele. Wimbo ukaanzishwa. Mheshimiwa alilishika kwa lile bawa, ambalo hata sisi hatukuthubutu kulishika, akamkabidhi dereva wake bila kulitazama. Na baba alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alikuwa amefurahi kweli kweli.

Njia nzima ya kurudi nilikataa kumshika mkono. Tulipokaribia kwetu nikamuuliza mbona alisema litarudi nyumbani.

"Mami, watu wote walikuwa wananiangalia."

"Hata mimi nilikuwa nakuangalia," nikamwambia.