Mlio Mmoja Kutoka Mlimani

Mtu wa kwanza kushika simu ya mkononi pande zetu za Songambele ni mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa, na anayebisha aje tubishane. Shule niliachia darasa la nne, lakini miaka ya tisini ikielekea ukingoni, waliomaliza shule walikuwa wananiuzia mimi kahawa yao.

Simu zenyewe nilinunua mbili, kule Mbarara, Uganda. Kwetu mtandao haukuwepo. Ila juu ya kilima kilicho nyuma ya nyumba yangu, ukisimama penye kichuguu ukaelekeza uso upande wa mto Kagera, mtandao wa Uganda ulikuwa unavuka mpaka bila kuulizwa kibali, unaingia kwenye simu. Ukishuka kidogo tu, umekwisha. Bondeni kwenye nyumba na migomba, simu ni kipande cha sabuni.

Basi nikamwachia mke wangu simu moja yenye laini ya Uganda, nyingine yenye laini ya huko huko nikawa nasafiri nayo. Kupiga nchi kwa nchi kulikuwa kunafilisi mtu, lakini sisi tulihesabiwa kama majirani. Hapo akili yangu iligoma kidogo. Mke wangu kwa miguu yuko Tanzania, kwa sikio yuko Uganda. Sasa nikimpigia kutoka Mbarara, nimepiga nyumbani au nimepiga ugenini? Mpaka leo sijapata wa kunijibu vizuri.

Na hata hiyo bei ya ujirani sikutaka kuilipa. Tukapatana kubipu: simu inalia, haipokelewi, kadi haipungui. Mlio mmoja, mambo mazuri. Milio miwili, rudi upesi.

Tulipatana hivyo kwa sababu mama yangu alikuwa mgonjwa. Alikuwa hainuki kitandani, uji analishwa kwa kijiko. Nisingesafiri, lakini mashine ya kukoboa kahawa ilikuwa inauzwa Mbarara, na mwenye nayo alisema hamngoji mtu. Mama mwenyewe ndiye aliyenifukuza: "Nenda. Kufa sihitaji msaada wako."

Siku ya kuchukua mashine, nimekaa dukani kwa mwenyeji wangu, mfanyabiashara wa pale, simu ikalia mara moja ikakata. Nikacheka mwenyewe.

"Mama yuko salama," nikamwambia.

Hatujamaliza chai, ikalia tena. Mara moja, kimya.

"Hiyo ni ya pili, ssebo," mwenyeji akasema. Kule mwanamume mwenzako unamwita hivyo kwa heshima.

"Ya pili wapi? Ni moja, halafu moja."

"Moja na moja kwenu ni ngapi?"

Mimi ninayejumlisha magunia kwa kichwa, nilishindwa kujumlisha moja na moja. Nikiwa katika kuwaza, ikalia ya tatu. Ya tatu hatukuipanga! Mazuri, kisha rudi? Rudi, kisha mazuri? Au ameshaondoka mama, na mwanamke wa watu analia tu na simu mkononi?

"Mama ni mmoja," mwenyeji akasema. "Mashine zipo nyingi."

Nikachukua mkoba nikaenda stendi. Mguu mmoja uko kwenye ngazi ya gari, mwingine uko chini, ndipo nikasema potelea mbali, nikapiga.

"Shikamoo, baba watoto," mke wangu akapokea.

"Mama vipi?"

"Shikamoo."

"Mama watoto, kadi inakwisha! Mbona umebipu mara tatu?"

"Mlio wa kwanza nilikuwa nakuamkia. Hukuitikia. Nikasema labda hajasikia, nikakuamkia tena. Kimya. Sasa mimi ningeanzaje kukupa habari na shikamoo yangu iko hewani?"

"Marahaba, marahaba! Haya, mama?"

"Huyu hapa, zungumza naye."

Nikasikia mtu anahema. Anahema kwa nguvu, kama anayevutwa na kamba. Halafu sauti ya mama, inakatikakatika: "Mwanangu... umeamkaje? Huyo mwenyeji wako... mke wake hajambo? Watoto? Ng'ombe wake?"

"Mama, wewe unaumwa wapi?"

"Mjibu mtu kwanza! Ng'ombe wake hawajambo?"

"Hawajambo, mama..."

Simu ikafa. Kadi nzima imeliwa na ng'ombe wa watu.

"Mzee, unapanda hupandi?" kondakta akanipigia kelele. "Mguu huo unauza?"

Masikioni nina kule kuhema tu. Nikajiambia ndiyo pumzi za mwisho hizo, panda. Nikainua ule mguu wa chini. Kisha nikaurudisha. Kuna kitu hakikai sawa. Mama yuko kitandani, na kitanda kiko bondeni. Simu bondeni hailii. Sasa ile sauti imepita wapi?

Nilisimama pale kama mti, watu wananisukuma, mpaka ikanijia. Kilimani! Mama alikuwa penye kichuguu. Na aliyebebwa hahemi vile, wanahema waliombeba.

"Amepanda mwenyewe!" nikamwambia kondakta.

"Nani?"

"Mama yangu!"

"Basi na wewe panda."

Nikashuka, nikakimbilia mashine yangu.