Lori Lililolala

Utoto wangu Bariadi ulinuka kandambili inayoungua. Tulikuwa tukipasha msumari kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, kisha tunatoboa nao katikati ya duara tulilolikata kwenye soli ya kandambili iliyochakaa, na moshi mzito unatupanda puani mpaka macho yanatutoka machozi. Duara hilo lilikuwa tairi la gari la kuchezea. Tairi nne ni pikapu, sita ni lori, na mtoto aliyekuwa na tairi sita zilizolingana aliheshimika mtaani kama mwenye ng'ombe. Mayu, yaani mama yangu, aliijua harufu ile akiwa bado njiani kutoka shambani. Alikuwa akifika uani na kuhesabu kandambili zake kabla hata hajatua jembe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Zamani kidogo, lori lililokuja kubeba pamba kwetu lilikuwa moja tu, la ushirika, na magari yetu yote ya kopo yalifanana nalo kama vifaranga wa kuku mmoja. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi, na malori yao ya bluu, ya njano, ya kijani, yenye mapazia dirishani na maneno yaliyochorwa kwa rangi. Madukani nako makopo yakajaa, ya mafuta, ya maziwa, ya soda zilizotoka tusikokujua. Mali ghafi ikawa bwerere, na watoto wakaanza kubuni magari ya ajabu, mengine yana vichwa viwili. Hapo ndipo Masunja, mvulana wa darasa la saba aliyekuwa mkubwa wetu, akatunga sheria. Kila gari lazima liwe na mama yake, yaani gari la kweli linalopita Bariadi, na lifanane naye kwa kila kitu. Vipimo vyetu vilikuwa shubiri kwa kidole: shubiri moja ya lori la kweli iwe upana wa kidole kimoja kwenye lori la kopo. Jumapili mchana Masunja alilipeleka gari kwa mama yake, akakagua, na lililofaulu lilipangwa kwenye mstari wa mbio. Lililoshindwa liliitwa kopo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilitaka gari langu liitwe gari. Sikutaka kingine msimu ule. Hakuna msichana aliyewahi kupangwa kwenye mstari. Sheria haikutukataza, ila hakuna aliyetutarajia. Nikamchagua mama mgumu kuliko wote, lori la bluu la Mzee Shabani, dereva aliyetoka Tabora na kupiga kambi kwenye gulio la pamba karibu na kwetu mpaka ununuzi ufungwe. Lilikuwa na vioo vya pembeni viwili kila upande, ngao ya mbele iliyopindika kidogo kushoto, na neno SUBIRA juu ya kioo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kwelikweli. Jioni moja lilipokuwa limejaa pamba likimngoja dereva amalize chai, niliingia chini yake na shubiri zangu, nikapima kila nilichokifikia.

Kazi ilinichukua wiki tatu. Bodi niliikata kwenye kopo la mafuta ya kula, vioo vya pembeni nikavitengeneza kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kioo cha mbele kwa nailoni ngumu ya boksi la shati, na vizuia tope kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Hata ile ngao niliipinda kushoto. Neno SUBIRA niliandika kwa njiti iliyochovywa kwenye rangi ya dirisha la jirani, ambayo sikuiomba. Nilipomaliza, niliona hakuna kasoro iliyobaki, na nilijisifu waziwazi kwa yeyote aliyekubali kunisikiliza.

Jumapili Masunja akaliweka lori langu chini, kando ya mama yake. Akakagua vioo, akakagua ngao, akaguna kwa mshangao. Kisha akapitisha kidole kati ya tairi la nyuma na bodi. Kilipita kidole kimoja. Akaenda kwenye lori la kweli, akapima pale pale. Shubiri mbili.

"Lako limelala," akasema.

"Nilipima mwenyewe! Ilikuwa shubiri moja!"

"Basi njoo upime."

Nikapima. Zilikuwa mbili. Nikarudia, zikabaki mbili. Nyuma yangu mtu akapiga kelele kwamba gari la Minza limechuchumaa kama kuku anayetaga, na kicheko kikaenda mpaka barabarani. Masunja hakucheka, nitamtendea haki. Alisema tu, "Mwakani, Minza. Asiyekubali kushindwa si mshindani." Lakini mwakani Mzee Shabani angeweza kupelekwa Nyashimo au Mwanza, na gari lisilo na mama halipangwi. Zilibaki Jumapili mbili gulio lifungwe. Nilifika nyumbani nikalia kwa hasira. Mayu alikuwa akipepeta mtama. "Ng'wanone, mwanangu," akaniambia, "aliyekupa vipimo ni lori. Kaliulize lori."

Nadhani alitaka tu nimwondokee. Nilimtii hata hivyo. Jumamosi nzima nililala kifudifudi ng'ambo ya barabara, kidevu mchangani, nikilitazama lori la bluu likipakiwa. Gunia la kwanza lilipopanda, sikuona kitu. Kufika la kumi, nikaona bodi imeshuka. Wapakiaji walivyozidi kutupa magunia ndivyo lilivyozidi kuketi juu ya matairi yake, taratibu, kama mzee anayekaa kitini, mpaka jioni nafasi ikawa shubiri moja, ile ile yangu. Nilipiga ukelele peke yangu. Sikuwa nimekosea kupima. Nilipima lori lililoshiba, nao wakanikagua kwa lori lenye njaa.

Mwingine angeinua bodi kwa vijiti, na Masunja angeridhika. Mimi nilishikwa na ukaidi. Kama mama alishuka na kupanda, mwana naye angeshuka na kupanda. Nikaamua kutengeneza springi. Vijiti vya mwavuli vilikuwa vigumu mno, mpira ulikuwa laini mno. Jumapili ya kwanza ikapita lori langu likiwa limefumuliwa uani, na wenzangu wakanizomea mbioni bila mimi kuwapo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nje ya uzio wa kiwanda cha kuchambua pamba niliokota vipande vya mikanda ya chuma ya kufungia marobota. Mkasi haukuiweza, kwa hiyo niliikunja na kuikunjua juu ya jiwe mpaka ikakatika, nikajikata kidole gumba, nikakifunga kitambaa, nikaendelea. Kipande kirefu chini, kifupi juu yake, kifupi zaidi juu ya hicho, vimefungwa kwa mpira, kama nilivyoviona mvunguni kwa Mzee Shabani.

Jumapili ya mwisho Masunja akapitisha vidole viwili. Vikapita.

"Umeliinua," akasema. "Basi juzi ulikosea."

"Sikukosea. Ngoja."

Nikaweka mfuko wa mchanga kwenye bodi. Lori likashuka polepole mpaka kidole kimoja. Nikautoa, likapanda. Mzee Shabani alikuwa akinawa mikono karibu. Akaja, akachuchumaa, nikamwamkia.

"Marahaba, binti." Akalibonyeza lori kwa kidole, akalitazama likiinuka. "Nani kakufundisha?"

"Lori lako."

Akacheka mpaka akakaa chini. Masunja akachora mstari kwa kisigino. "Pangeni magari," akasema. "Minza, kaa kushoto." Niliishika fimbo ndefu ya usukani kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Mbio zilipoisha nilikuwa wa mwisho kasoro mmoja.

Bariadi ya leo ni makao makuu ya mkoa, ina lami, na madukani kuna magari ya plastiki yanayokimbia yenyewe kwa betri. Sina ugomvi nayo, nimewanunulia wanangu mwenyewe, ingawa hayakumdai mtoto yeyote alale kifudifudi siku nzima kutafuta jibu. Mwaka jana nilipita Nkoma, nikakuta watoto wakikimbiza bajaji za waya kwenye njia ya vumbi. Aliyeongoza alikuwa msichana. Nilisimama pembeni nikingoja mtu amwambie neno, amcheke, amwondoe. Hakuna aliyemwambia chochote. Nilifurahi, na kwa kuwa nimeamua kusema kweli, nilimwonea wivu. Nikatamani kumsimamisha nimweleze sisi wasichana tuliupataje mstari wa mbio. Akanipita bila kunitazama, maana mbele yake kulikuwa na kona.