Pete Angavu ya Stamen

Stamen Karadzhov ni fundi wa majiko ya kuni hapa mjini Chepelare, na kwa miaka mingi amekuwa akipiga picha za anga akiwa uani kwake. Si mtu wa kutangaza jambo asilolihakiki. Kwa hiyo sote tulipigwa na butwaa, wiki moja baada ya Pasaka, aliposema amegundua wingu la gesi, dogo, la mviringo kama pete, ambalo halimo katika orodha yoyote. Jumamosi mchana wanachama wa klabu yetu ya watazama nyota walikuwa waje kuliona kwenye kompyuta yake, kisha angelipeleka mji mkuu, Sofia, lisajiliwe kwa jina lake.

Mimi na Ognyana, mfamasia wa mtaani kwetu, tulitangulia. Velichka, mke wa Stamen, alikuwa akitoa banitsa, mkate wetu wa jibini, kwenye oveni.

"Shemeji, leo mwite Mheshimiwa," aliniambia. "Jana kagoma hata kutupa taka."

"Taka zipo tu," Stamen alijibu, akiwasha kompyuta.

Ognyana aliitazama ile pete. Ilikuwa hafifu, nadhifu mno.

"Kaka, ni picha za usiku mmoja hizi?"

"Mbili. Usiku wa pili niligeuza kamera robo mzunguko, galaksi niliyokuwa nikiipiga iingie yote. Na pete ikawepo tena, pale pale, kona ya chini kushoto. Ndiyo maana nina hakika."

"Pale pale?"

"Pale pa—"

Hakumaliza. Alifungua picha zote mbili, moja kando ya nyingine. Nyota zote zilikuwa zimegeuka pamoja na galaksi. Pete haikusogea. Haikuwa angani; ilitokana na vyombo vyake mwenyewe.

"Ulipiga lini picha za fulana?" Ognyana aliuliza kwa upole.

Sisi hutandaza fulana nyeupe kwenye mdomo wa darubini asubuhi na kupiga picha ya mwanga mtupu. Kompyuta huitumia kupang'arisha mahali palipotiwa kivuli cha mviringo na vumbi.

"Januari," Stamen alisema. "Na kamera niliisafisha kabla ya Pasaka, Velichka alipokuwa akifua mazulia."

Vumbi lilikuwa limeondoka, na kompyuta ilikuwa imeendelea kupang'arisha mahali pasipokuwa na kivuli, ikaacha pete ya mwanga.

Kengele ya mlango ikalia. Velichka alisimama na kisu cha banitsa mkononi.

"Niseme unaumwa?"

"Hapana."

Stamen aliwaambia wanachama ukweli pale pale mlangoni, hawajavua hata makoti. Hakuna aliyecheka. Mladen, aliyetoka mbali kuliko wote, alimkodolea macho.

"Kwa hiyo lile wingu ni vumbi tu, bwana?"

"Hata vumbi lenyewe halikuwepo," Stamen alisema, akakaa juu ya sanduku la viatu, na ilichukua muda kabla mtu yeyote hajathubutu kumpita aingie ndani.