Niliingia kwa Mama Bila Hodi

Macho ya mama yalipozimika, kitu cha kwanza kumshinda kilikuwa simu. Mambo mengine aliyazoea. Ng'ombe alimjua kwa kumpapasa, ngazi tatu za mlangoni alizihesabu kwa miguu, na ugali alijua umeiva kwa harufu. Lakini simu ilimtoa machozi. Alikuwa akikosea tarakimu moja, anampata mtu wa mbali asiyemjua, wanajuliana hali kwa adabu, kisha anakaa na ile simu mapajani kama mtu aliyeshika ndege aliyekufa. Daktari alikuwa ametuambia kwamba ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Kilichobaki kwake kilikuwa kuona mwanga wa dirisha na vivuli vya watu.

Mimi nafanya kazi katika ofisi moja ya serikali mjini Embu na nimepanga nyumba mtaa wa Dallas. Mama yuko Kanyakine, kwenye shamba letu la kahawa na ndizi, mwendo wa saa mbili na zaidi. Anakaa na shangazi yangu, binamu ya marehemu baba, mjane ambaye hakujaliwa watoto na ambaye alihamia kwetu mama alipoanza kujigonga milangoni.

Niliona spika ile kwa mfanyakazi mwenzangu. Unaiita, unaiambia impigie mtu fulani, nayo inapiga, na mnaongea huku mikono yako ikiwa kwenye unga. Nikanunua moja pamoja na kifaa cha intaneti, nikaenda nazo nyumbani Jumamosi moja, nikaiweka juu ya kabati la vyombo sebuleni.

Shida ni kwamba haikujua Kimeru, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni. Basi nikamfundisha maneno matatu ya Kiingereza: "Kol mai dota," mpigie binti yangu. Aliyarudia mchana kutwa akichambua maharagwe, kama mtoto anayekariri mistari ya Jumapili. Jioni nilitoka nje hadi kwenye zizi, simu yangu mfukoni, nikamwambia ajaribu. Simu ikalia. Nilipoipokea nikamsikia akicheka hadi akakohoa.

Kaka yangu, ambaye ni mwalimu upande wa Isiolo, hakufurahi. "Umemwekea mama askari ndani ya nyumba," aliniambia. Nikamwambia wivu unamsumbua.

Lakini kitu kile kilikuwa na uwezo mwingine ambao sikumweleza mama vizuri. Ningeweza kukifungua kutoka kwenye simu yangu bila chenyewe kulia. Kinatoa mlio mdogo tu, kama kijiko kugusa kikombe, na papo hapo niko sebuleni nasikia kila kitu. Mwanzoni nilifanya hivyo kwa hofu tu. Nikisikia redio ya mama, au shangazi akifagia, nilikata nikaendelea na kazi. Kisha ikawa desturi.

Jumapili moja mchana nilifungua nikamkuta mama na jirani yetu wakinywa chai. Jirani huyo ni mama mzee ambaye shamba lake limepakana na letu. Alikuwa akiniulizia.

"Huyo wangu wa Embu?" mama akasema. "Alituletea mashine ili asije mwenyewe."

Wakacheka, na kicheko cha mama hakikuwa cha furaha. Nilikata. Nilikaa kitandani pale Dallas hadi chakula kikaungua jikoni.

Ningenyamaza, mambo yangepita. Lakini nilipoenda nyumbani juma lililofuata, shangazi alipotoka kukata majani ya ng'ombe, nilimuuliza mama kwa nini ananisema kwa majirani. Uso wake ukageuka taratibu kuelekea kabatini.

"Kwa hivyo huwa unaingia humu nikiwa sijui," akasema.

"Mama, ni kwa sababu ya wasiwasi."

"Hata mwizi humwogopa mbwa. Wewe unaingia na mbwa amelala." Akaelekeza kidole kabatini. "Mimi huomba humu ndani. Mimi huvaa nguo humu ndani. Niliposhindwa kuona watu nilidhani angalau nitawasikia wakija."

Alimwita shangazi akamwambia aichomoe spika kwenye umeme na kuiondoa kabatini. Wiki mbili nzima hatukuongea. Kaka ndiye aliyetupatanisha, na kwa hilo namshukuru, ingawa alitanguliza, "Si nilikuambia?" Sharti la mama lilikuwa moja. Nipige, spika ilie, na yeye akitaka aseme "ansa," yaani pokea. Asiposema, nikae nje kama mgeni yeyote aliyepiga hodi akakosa kuitikiwa. Niliapa. Nakumbuka alinishika mkono nilipokuwa nikiapa, kwa sababu hakuweza kunitazama usoni.

Hayo yalikuwa mwezi wa Aprili. Julai ikaja na baridi yake, ile ambayo ukungu unateremka kutoka mlimani na kulala juu ya migomba hadi mchana. Jumanne moja, saa nne, wakati wa chai ofisini, nilimpigia mama kama kawaida. Ikalia hadi ikakatika. Nikangoja, nikapiga tena. Ikakatika. Nilipiga ya shangazi, nikaambiwa haipatikani. Nikapiga ya jirani, ikaita tu.

Mara nyingine mama alikuwa akiota jua nje na hasikii. Lakini jua gani siku hiyo? Mara nyingine alikuwa akiomba, na akiomba hajibu hata radi. Nilirudi mezani. Nilifungua faili moja, nikasoma ukurasa mmoja mara tatu. Kidole changu kilikuwa juu ya kile kitufe. Nilijua nikikibonyeza na nimkute anaomba, spika ile haitarudi kabatini tena maisha yake yote, na pengine mimi pia sitarudi moyoni mwake vile nilivyokuwa. Saa nne na nusu nilipiga tena. Ikalia, ikalia, ikakatika.

Nikabonyeza.

Kulikuwa na mvua nyepesi juu ya mabati. Karibu zaidi, kulikuwa na sauti ya mtu anayekoroma, lakini mkoromo ule ulikuwa na kitu kibaya ndani yake, kama maji yanayopita kwenye mfereji ulioziba.

"Mama," nikasema. Hakuna kitu. Nikapandisha sauti ya spika hadi mwisho. "Mama!"

Ofisi nzima iligeuka. Kutoka Kanyakine nikasikia, "Mmh."

"Mama, shangazi yuko wapi?"

"Ameenda kusaga." Maneno yalikuwa yakiburutwa. "Kichwa kinanipiga. Niache nilale."

"Kuna jiko hapo ndani?"

"Ni baridi, mwanangu."

"Mlango uko wazi?"

"Nilifunga. Ukungu unaingia."

Niliona yote kana kwamba nimesimama pale. Shangazi alikuwa amemwashia jiko la makaa, akaliweka karibu na kiti chake, akafunga madirisha, akaenda kwenye posho mill, kinu cha unga, akidhani atarudi upesi. Mama naye akasukuma komeo kwa ndani na kuziba chini ya mlango kwa gunia, kama anavyofanya siku za baridi. Katika ploti ninayoishi Dallas, mlinzi wetu alishawahi kubebwa asubuhi kama mzigo kwa sababu ya jiko la namna hiyo. Nilijua usingizi wa makaa unaishia wapi.

"Nipe simu yako," nikamwambia mwenzangu wa meza ya pili. Alinipa bila kuuliza. Simu yangu ilikuwa na mama ndani yake na sikuthubutu kuikata. Nikatafuta namba ya jirani kwenye simu yangu, nikaipiga kwa ile yake. Safari hii jirani alipokea.

"Kimbia kwa mama!" nikapiga kelele kwa Kimeru. "Jiko liko ndani na mlango umefungwa!"

"Niko shambani, ng'ambo ya mto," akasema, na nikasikia tayari anahema. "Nakuja. Ongea naye, usimwache alale!"

Kutoka ng'ambo ya mto hadi kwetu ni kupanda mlima kwenye utelezi. Dakika kumi, kwa mtu wa umri wake labda kumi na tano. Nikarudi kwa mama.

"Mama, inuka ufungue mlango."

"Baadaye."

"Sasa hivi!"

"Miguu imekataa. Ni kama ya mtu mwingine." Akanyamaza. Mkoromo ukaanza tena.

Nililiita jina lake, jina lake la ubatizo, ambalo sijawahi kumwita maishani. Akaguna tu. Nilimwambia kuhusu makaa, kuhusu kifo, nikamkaripia kama mtoto. Hakujali. Mtu anayetaka kulala hivyo huwezi kumtisha na kifo. Mwenzangu alikuwa amesimama kando yangu, mkono mdomoni. Na hapo, sijui wazo lilitoka wapi, nikabadilisha sauti. Nikaishusha.

"Mama, ni mimi. Nimekuja. Niko nje hapa mlangoni."

Mkoromo ukasimama.

"Nani?"

"Ni mimi, wa Embu. Nimenyeshewa, mama. Nasikia baridi. Nifungulie."

Kukawa kimya. Kisha, "Umekuja? Siku ya kazi?"

"Nimekuja kukuona. Nifungulie, naganda."

Nikasikia kiti kikigonga sakafu. Nikasikia mwili ukianguka na pumzi ikimtoka. "Tambaa, mama," nikasema. "Tambaa tu." Nikasikia kitambaa kikiburutika juu ya saruji. Alikuwa akiongea peke yake, akinung'unika kwamba mtoto atashikwa na nimonia, na mwavuli ameacha wapi. Kikombe kikavunjika. Kukawa kimya tena.

"Mama, bado niko hapa nje!"

"Ngoja, ngoja," akasema, kwa ukali wake wa zamani. "Nakuja."

Halafu likaja lile komeo. Ni la chuma, na lina kutu, na tangu utotoni najua linavyolia. Lililia mara moja likakwama. Alipumzika. Lililia mara ya pili. Mvua ikasikika ghafla kwa nguvu, kama mtu ameongeza redio, nikajua mlango umefunguka.

"Uko wapi?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa mbali sasa, imeelekea uani. "Mwanangu? Uko wapi?"

Sikuweza kujibu. Akaniita tena, na baada ya hapo nikasikia kishindo kizito, na kilichofuata kilikuwa mvua tu.

Niliisikiliza mvua ile nimesimama katikati ya ofisi, simu sikioni, watu wakinizunguka. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha nikasikia miguu ikikanyaga matope, na jirani akipaza sauti ya kuita watu, na baada yake, "Anapumua! Unasikia? Yuko nusu nje, nusu ndani, lakini anapumua!"

Hapo ndipo nilipoketi.

Nilifika hospitalini saa tisa. Mama alikuwa na kifaa cha hewa usoni, paji la uso lina uvimbe, magoti yamechubuka kama ya mtoto wa shule. Daktari alisema zingepita dakika nyingine chache, asingeamka. Nilikaa kando ya kitanda hadi alipotoa kile kifaa kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilifungua," akasema. "Sikukukuta."

"Nilikudanganya, mama. Nilikuwa Embu. Niliingia kwa ile mashine, na hukuwa umeitikia."

Nilijitayarisha kwa lolote. Akapapasa blanketi hadi akapata vidole vyangu, akavihesabu kimoja kimoja kama aliyetaka kuhakikisha kwamba safari hii nipo.

"Ile siku na jirani," akasema, "nilisema maneno mabaya. Lakini yalikuwa ya kweli."

"Najua."

"Basi njoo."

Tangu siku hiyo nakwenda Kanyakine kila Jumamosi ya pili, na mwezi ukiwa na sikukuu nakwenda zaidi. Kuhusu spika, aliamua mwenyewe alipopata nafuu: ikilia mara tatu mfululizo bila jibu, niingie. Kaka aliposikia hakusema neno, na kwa kaka hilo ni jambo kubwa.

Lakini kuna mtu mwingine katika habari hii. Siku mama aliporudi nyumbani, tulimkuta shangazi ameketi uani kwenye kigoda, mfuko wake wa nguo umefungwa kwa kamba. Macho yamevimba. Hakuna aliyekuwa amemlaumu, angalau si kwa mdomo, ingawa mimi nilikuwa nimefanya hivyo njia nzima kutoka Embu.

"Nimengoja tu nimwone," akaniambia. "Sasa naenda. Ningemuua dada yangu kwa kumwonea huruma."

Sikumzuia, kwa sababu sehemu yangu moja ilitaka aende. Mama, ambaye nilikuwa nimemshika kiwiko, aliuachia mkono wangu. Alitembea peke yake kuelekea sauti ile, akahesabu hatua, akausikia mfuko kwa mguu. Akainama akaanza kufungua ile kamba. Vidole vyake vilikuwa bado dhaifu na fundo lilikuwa gumu. Ilimchukua muda, na shangazi alikaa akimtazama, machozi yakimtiririka, bila kumsaidia na bila kumzuia. Fundo lilipoachia, mama alitoa leso moja, akaikunjua, akajifunga kiunoni.

"Chai iko?" akauliza.

Shangazi akainuka kwenda kuweka sufuria nje, penye hewa.