Bibi Alivyotaka Kushuka Melini

Harufu ya mikate ya moto na mafuta ya kupaka juani ndiyo iliyotupokea mlangoni mwa ile meli, na mimi, mtoto wa Njiro ambaye maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya Ziwa Duluti, nilidhani tumeingia mji mwingine. Ilikuwa na ghorofa nyingi kuliko jengo lolote la Arusha, lifti za vioo, na juu kabisa bwawa la kuogelea lenye bomba refu la kutelezea. Aliyetualika ni Shangazi, dada yake baba, muuguzi aliyeolewa Italia. Tulikwenda naye sisi wanne: baba, mama, mimi na Bibi, mama yao baba na Shangazi, ambaye hakuwahi kulala mbali na ng'ombe wake wa kijijini Akheri isipokuwa kwa msiba. Tulipanda meli bandari ya Genova tuzunguke Bahari ya Mediterania wiki nzima. Siku ya kwanza niliteleza kwenye bomba lile mpaka macho yakawa mekundu, na usiku furaha ikaninyima usingizi.

Bibi hakuwa na furaha. Alikaa mezani na kitenge chake kipya akiwaangalia vijana wakileta sahani na kuondoa sahani, na kila walipoinama kumhudumia alijivuta pembeni kama aliyekosea. Siku ya tatu, tukinywa chai ya asubuhi, alisema taratibu, "Kesho meli ikisimama mimi nashuka. Mnirudishe nyumbani." Bibi asingeweza kupanda ndege peke yake; akishuka, baba angeshuka naye, na mama asingekubali kubaki. Safari yangu yote ingeishia hapo, na nilimkasirikia Bibi kimoyomoyo.

Mchana akatoweka. Tulimtafuta kila mahali, tukamkuta kwenye ukumbi wa chakula, kitenge amekikaza kiunoni, mikono imejaa sahani chafu, anaelekea jikoni. Wahudumu wawili walimfuata kwa adabu, wasijue wamzuie vipi. Mkuu wao, mzee mwenye tai nyeusi, alimwambia Shangazi kwa Kiitaliano kwamba abiria haruhusiwi kuingia jikoni, kisha akauliza kwa wasiwasi kama chakula kilikuwa na kasoro.

"Mama, hawa ni kazi yao, wanalipwa," Shangazi alisema kwa aibu.

"Najua wanalipwa. Siku tatu nakula kwa watu, sijamenya hata kitunguu. Mimi ni mtu gani?"

Kule Akheri, mwanamke haendi kwenye sherehe kula tu. Iwe harusi au ubatizo, unapitia jikoni kwanza, unapewa kisu na beseni la ndizi, unamenya huku unapata habari zote za kijiji, na hapo ndipo unajua kwamba wewe ni wa pale. Anayeketishwa na kuletewa ni mgonjwa, au mgeni asiyejulikana. Shangazi alimweleza yule mzee haya yote, naye alisikiliza mpaka mwisho. Akaondoka, akarudi na rundo la vitambaa vya mezani, akavuta kiti na kumwonyesha Bibi namna ya kuvikunja.

Mambo yakabadilika. Kufikia jioni, bibi wengine wa Kizungu walikuwa wamejisogeza mezani kwake, wote wanakunja, Bibi akiwasahihisha kwa Kiswahili bila huruma. Habari ya kushuka hakuigusa tena. Kesho yake alipanda mwenyewe mpaka bwawani, akaniona nikichomoka kwenye bomba na kudumbukia majini, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Teleza tena, nikuone," alisema. Niliteleza, nikateleza tena, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Mwaka jana tulimbatiza mwanangu. Nilikodi watu wa chakula, wakaja na masufuria yao, wahudumu wao na sare zao. Bibi, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, nilimkalisha mbele kabisa kwenye kiti chenye maua, soda pembeni, nikajisifu kwamba nimemheshimu. Nilipopita karibu naye akanishika mkono.

"Jikoni kuna nini cha kufanya?"

"Hakuna, Bibi. Wewe pumzika tu."

Akaniachia mkono, akatazama mbele. Kule melini, mtu asiyejua hata jina lake alimtafutia kazi. Mimi, mjukuu wake, nilimtafutia kiti.